Rulema ya Kinu cha Manika

Niliondoka Kolwezi kwa sababu kinu cha mashine cha akina mama wa parokia yetu ya Manika kilikuwa kimenyamaza, na watu wenye njaa walikuwa stesheni. Ulikuwa wakati wa kufukuzana. Kampuni ya madini ilikuwa imeanguka, na jirani zetu wa asili ya Kasai walitolewa katika nyumba zao, wakalala jukwaani wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Mahindi tulikuwa nayo. Unga ndio haukuwapo, maana rulema ya kinu, ile pete ya chuma yenye gololi inayoshika mhimili, ilivunjika, na Kolwezi nzima haikuwa na nyingine.

Nilikuwa karani wa manunuzi wa kampuni, tena karani hodari, sioni haya kulisema. Miaka yote niliagiza vipuri Ulaya kwa namba tu. Namba ya rulema ilikuwa kwenye kibao cha kinu. Niliinakili nikaona kazi imekwisha.

Jumapili nilikwenda stesheni kumuaga mmoja wa hao waliofukuzwa, Tata Kabeya, mkuu wangu wa zamani, aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, mkewe akiosha sufuria kando yake. Nilimwonyesha ile namba. Hakuitazama.

“Tata Ngoy, beba chuma yenyewe,” akasema. “Atelier ya kampuni, ile karakana yetu, ilichonga-chonga kila kitu mu hii muji. Namba inaweza kukudanganya.”

Nikamwambia mhimili ni mzito.

“Bega yako itaumia, basi. Usilipe kitu chenye haujapima na mikono yako. Na bitu byote bisipite mu njia moja.”

Niliudhika. Nilijiuliza kama bado aniona mwanafunzi, mimi mwenye ndevu. Lakini mkubwa ni mkubwa. Niliufunga mhimili ndani ya gunia pamoja na vipande vya rulema.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la kwenda Likasi na Lubumbashi, safari ya kufika Kitwe, Zambia, kwenye maduka ya vipuri. Akina mama walinipa vitenge badala ya noti, kwa kuwa noti zetu zilipoteza thamani kabla hujafika kituo cha pili, na Zambia vitenge vyetu vinapendwa. Abiria wenzangu walinicheka njia nzima, wakiniita bwana harusi na bibi yake wa chuma.

Kasumbalesa, mpakani, nilifika Jumatano. Mtu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alitaka nimpe vitenge na ile namba, yeye aniletee rulema kwa nusu bei, nami nipumzike kivulini. Nilichoka, na nusu bei ni maneno matamu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikavuka mwenyewe.

Kitwe, Alhamisi asubuhi, duka la vipuri lilikuwa safi na muuzaji alikuwa na adabu. Alisoma namba yangu, akaleta rulema mpya ndani ya boksi lake, mafuta yangali juu yake. Mkono wangu ulikwisha shika vitenge nilipokumbuka godoro la stesheni. Nikafungua gunia palepale mezani na kuivisha rulema kwenye mhimili. Ilicheza huku na huku. Karakana yetu iliwahi kuuchonga mhimili ukawa mwembamba, na kibao hakuna aliyekibadilisha. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Karani hodari angerudi nyumbani na chuma cha bure!

Tulijaribu boksi moja baada ya jingine, muuzaji naye akavua koti. Hata adhuhuri ikapatikana moja iliyoingia bila kucheza, na nje ikalingana na ile iliyovunjika. Nilichukua mbili, ingawa kinu kilihitaji moja, nikaomba kila moja iandikiwe karatasi yake ya malipo.

Ijumaa, njiani kurudi, moja niliiweka mfukoni na nyingine nikamkabidhi Mama Mwape, mchuuzi wa sabuni aliyekuwa akienda Kolwezi kwa lori jingine. Kabla ya Likasi wanajeshi walitusimamisha kizuizini. Karatasi yangu waliisoma juu chini, wakaichukua rulema pamoja na mkanda wa suruali yangu. Nilifika Kolwezi Jumapili nimeshika suruali kwa mkono, gunia la mhimili begani, rulema sina. Mama Mwape alikuwa amenitangulia. Alikuwa mlangoni pa kinu, rulema ndani ya kanga, ananiuliza mbona nimechelewa.

Jumatatu mchana kinu kilinguruma, na akina mama wakapiga vigelegele. Sijawahi kujivunia kazi kama siku ile. Magunia ya kwanza tuliyapeleka stesheni, na tulikuta mabehewa yamekwisha letwa, watu wanapanda.

Tata Kabeya alikuwa mlangoni mwa behewa. Alichota unga, akausugua kwa vidole kama alivyokuwa akikagua mizigo yetu zamani.

“Ulipimia wapi rulema?” akauliza.

“Kule kule Kitwe, Tata. Mbele ya mwenye kuuzisha, mbele ya kulipa.”

“Njo kusema unajua kazi.”

Miaka yote ofisini hakuwahi kuniambia kwamba najua kazi. Treni ikaondoka na unga wetu. Ikaondoka pia na mtu aliyejua kwamba namba zetu zinadanganya, na wale waliomfukuza hawakuuliza kesho kinu kikinyamaza tena watamwuliza nani.