Mfuniko Uliolegezwa

Maabara nzima walimwita Mama Sahani. Kazi yake ilikuwa kumwaga jeli kwenye visahani vya plastiki vya kufugia minyoo, midogo kama vipande vya uzi.

Mtafiti, binti wa umri wa kifungua mimba wake, alimweleza mapema: "Mama, mnyoo ukipungukiwa oksijeni, kuna kitu ndani yake kinapiga kengele, jeni fulani zinaamka. Natafuta ni zipi. Naifungia kwenye hewa hafifu, minyoo ya kawaida na ile iliyozaliwa bila kengele. Jeni zinazoamka kwa ya kawaida tu, hizo ndizo za kengele."

"Haya. Mimi nimwage jeli."

Alhamisi moja alitoka nyumbani akimwacha kitinda mimba wake akihema kwa pumu. Mtafiti alikuwa mkutanoni. Mama Sahani akachungulia kisanduku cha kioo cha hewa hafifu: minyoo imetulia tuli. Akamkumbuka mwanawe. Akalegeza mfuniko kidogo tu, ipumue. Alirudi kuubana saa mbili baadaye, na ilikuwa ikijinyonganyonga kwa raha zake. Akafurahi, mjinga yeye.

Wiki iliyofuata alimkuta mtafiti kashika kichwa mbele ya kompyuta.

"Jeni arobaini, Mama! Mara mbili zimeamka, mara ya tatu, ile Alhamisi, zimelala fofofo. Mkuu anataka orodha kesho. Nitazifuta tu. Sijui nilipimaje hiyo gesi, kichwa maji mimi."

Mama Sahani aliendelea kufuta meza iliyokwisha kung'aa. Angenyamaza, nani angejua? Lakini binti alikuwa akijitukana kwa kosa lisilo lake, na jeni za kweli zinafutwa.

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Nilidhani inakufa."

Akasimulia yote, hata pumu ya mtoto. Mtafiti alimtazama kama mgeni.

"Saa ngapi?"

"Saa tano mpaka saa saba."

"Na wiki nzima umekaa kimya?"

"Niliogopa kufukuzwa."

Binti akashusha pumzi. Akapiga mstari juu ya jaribio la tatu, jeni akaziacha. "Nitamwambia mkuu tunarudia. Atafoka. Mwaga sahani ishirini. Na Mama, minyoo ikilala, iache ilale."

Mama Sahani alikuwa kashika kitasa cha mlango aliposikia tena, kwa sauti ya chini:

"Mtoto je, anapumua vizuri?"

Afadhali angetukanwa.