Masikio ya Bi Kengele

Jina la Bi Kengele wifi yangu alipewa na wageni. Sisi wa kiwandani tulikuwa na majina mengine ya kumwita, na mengi hayafai kuandikwa. Wageni walimwita hivyo kwa sababu ya sauti: akisema "Karibuni" pale geti la chini, ng'ombe walioko ng'ambo ya mto huinua vichwa. Walidhani ni bashasha ya kazi. Ukweli ni kwamba hakuwa akiisikia sauti yake mwenyewe.

Mimi na yeye tulifuma nguo miaka kumi na tisa katika kiwanda cha bondeni, mashine yake na yangu zikitazamana. Kaka yangu alikuja siku moja kuniletea mwavuli, akamwona, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa akarudi nyumbani na mwavuli wake. Mimi nikalowa, yeye akaoa.

Ukumbi ule ulikuwa na mashine mia moja na ishirini. Zikipiga zote kwa pamoja, hata ukimpigia mtu kelele sikioni hakusikii. Kwa hiyo wafumaji tulisema kwa midomo bila sauti, maneno tukiyavuta, mikono ikisaidia kidogo. Tulikiita kimashine. Kwa kimashine tulijuliana hali, tuliombana uzi, tulimsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yetu na kalamu yake sikioni. Mtu aliweza kufiwa na akapewa pole na ukumbi mzima bila neno kusikika. Lakini kelele ile haikumwacha mtu salama. Mimi ilinipunguzia masikio kidogo tu. Wifi yangu ilimmaliza, tena polepole, mpaka alipokuja kugundua, kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshafungwa.

Mabati ya paa yaling'olewa, mashine zikauzwa kwa wakata vyuma, na msitu ukaingia. Miaka mingi baadaye ofisi ya bonde ilianza kupitisha wageni. Ni matembezi ya saa tatu: unaanzia geti la chini, unafuata mfereji hadi kwenye banio, pale mto ulipozuiwa, unapita shimo la gurudumu lililokuwa likisukumwa na maji, matangi ya rangi, chumba cha boila, kisha ukumbi wa kufumia, ambamo siku hizi miti imeota kwa mistari iliyonyooka kwa sababu mbegu zilipata udongo katikati ya misingi ya mashine. Walitaka mtu anayelijua bonde kama jiko lake. Hapakuwa na ubishi kwamba ni wifi yangu.

Ubishi ulikuwa kwenye ndege. Wageni wa siku hizi hawaji kutazama matofali tu. Wanataka kuambiwa nani anaimba kwenye tawi gani. Majina ya ndege wifi yangu aliyajua yote tangu utoto, na sauti zao alizikumbuka. Ila hakuzisikia tena. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kazi yangu ilikuwa kufunga msafara, yaani kutembea nyuma ya wote nikihakikisha hakuna aliyebaki. Ndege akiimba, nilitamka jina lake kwa kimashine juu ya vichwa vya wageni. Kurumbiza. Yeye alisimama, akawageukia, akainua kidole: "Nyamazeni kidogo. Mmemsikia kurumbiza?"

Tulifanya hivyo miaka minane na hakuna aliyetugundua. Mgeni mmoja aliandika kwenye kitabu cha maoni kwamba mama huyu ana masikio ya ajabu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha wifi akaacha kucheka, akaniambia nisimsomee tena kitabu hicho.

Mtu asidhani tulikuwa matapeli. Kaka yangu alipofariki, nyumba ya wifi ilibaki na yeye na saa ya ukutani ambayo hakuisikia. Dukani walimfokea kwa kumwona mzito, wakampa mzigo ambao hakuagiza. Kanisani, harusini, kwenye foleni ya zahanati, kote alikuwa yule mama kiziwi. Bondeni peke yake alikuwa mtu ambaye watu wazima tisa waliacha mazungumzo yao ili wamsikilize. Mimi niliona uso wake ulivyokuwa getini asubuhi, na niliona ulivyokuwa nyumbani jioni. Ningemtajia ndege mpaka nife.

Kisha ikaja barua ya ofisi. Kabla ya msimu mpya kila mwongozaji atapimwa na mkaguzi, ambaye atatembea pamoja na wageni. Atakayeshindwa atapumzishwa. Wifi aliisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka chini ya sahani.

"Tutafanya kama siku zote," alisema.

"Na asipokuwa mjinga?"

"Basi wewe usiwe mjinga zaidi yake."

Mkaguzi alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mpole, ana faili mkononi na viatu vyeupe visivyojua matope. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwangu na shikamoo kwa wifi, akaingia katikati ya wageni bila kujionyesha. Wageni walikuwa tisa, wakiongozwa kwa maswali na mwalimu mstaafu mmoja, mnene, mwenye kofia pana, ambaye kila alichoambiwa alitaka kujua kilijengwa mwaka gani.

Mambo yalikwenda sawasawa. Pale mferejini nilimwona mdiria akiita, nikamtaja, wifi akamtaja. Kwenye banio dudumizi alianza kububujika vichakani, nikamtaja, wifi akawaeleza kwamba wazee walimsikiliza huyu ili kujua mvua. Mkaguzi aliandika. Mimi nikaanza kupata kichwa. Kwenye matangi ya rangi, wifi akieleza jinsi mto ulivyokuwa ukishuka bluu Jumatatu na mwekundu Alhamisi, nilimwambia kwa kimashine, "Huyo wa faili amevaa viatu vya kuolewa." Akajikaza asicheke. "Anaandika sana," nikaongeza, "labda anamwandikia mchumba." Mkaguzi aliinama akifunga kamba ya kiatu.

Ukumbi wa kufumia ndio wenye hatari. Ukuta wa mashariki umeinama, kwa hiyo watu hupita mmoja mmoja kufuata mstari uliochorwa sakafuni. Wifi alitangulia hadi chini ya upinde wa dirisha kubwa, ambako kundi la mnana limetundika viota vyake. Hapo ndipo alipopapenda kuliko pote. Kila mara aliwaambia wageni kwamba wafumaji hawakuondoka, ni kwamba walioko sasa wana mabawa. Akawapa mgongo, akainua uso kuvitazama viota, akaanza kueleza.

Juu yake kitu kililia, kikavu, kama mtu anayevunja kuni. Sote tulisikia. Wageni wakarudi nyuma hatua mbili. Vumbi likaanza kumwagika kutoka kwenye upinde, nikapaza sauti, "Wifi, toka," na huku napaza nikijua ninafanya upuuzi. Nikatamka kwa mdomo pia, na huo ulikuwa upuuzi zaidi, maana hakuwa akinitazama. Alikuwa akieleza jinsi mnana anavyopiga fundo la kwanza. Kati yangu na yeye kulikuwa na watu kumi kwenye njia ya mtu mmoja.

Mkaguzi ndiye aliyekimbia. Alimkamata mkono, akamvuta kwa nguvu hivi kwamba wote wawili walipiga magoti. Matofali yalianguka manne, si zaidi, pale pale alipokuwa amesimama. Moja lilipasuka vipande viwili.

Hakuna aliyeumia. Mwalimu mstaafu alivua kofia na kukaa juu ya msingi wa mashine. Wengine walisema ni bahati, ni Mungu, majengo ya zamani ndivyo yalivyo. Hawakuelewa walichokiona. Mkaguzi alielewa. Alimshika wifi mabega, akamgeuza wamtazamane, na akasema bila sauti, midomo ikivuta kila neno kama inavyopaswa:

"Mama, tangu lini?"

Sikuwahi kumwona mtu wa umri ule akisema kimashine, tena kwa lafudhi nzuri kuliko yangu.

"Tangu kabla hujazaliwa," wifi alijibu kwa njia ileile. "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu alikuwa mashine ya arobaini na mbili. Nyumbani hatukuwa na lugha nyingine ya kuzungumza naye."

Nilimkumbuka wa arobaini na mbili, mwanamke mwembamba aliyekuwa akifunga kitambaa cha kijani. Nikakumbuka na viatu vya kuolewa, nikatamani ukuta uliobaki uniangukie mimi.

Mkaguzi alifungua faili, akalifunga. Kisha akanigeukia, na sasa alisema kwa sauti, ya chini, lakini uso akauweka ili wifi naye aone. "Mama, wewe ndiye masikio yake. Sitaandika kitu kabla hujanijibu. Una mjukuu?"

"Ninao watatu."

"Ungewaacha watembee nyuma yake humu ndani?"

Wageni walikuwa wakijipangusa vumbi, hawatusikilizi. Wifi alikuwa ananitazama mdomo. Ukumbini, mtu aliyetaka kusema la kumficha mwenzake alimpa mgongo, na hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Wanawake waliacha kusemeshana miaka kwa sababu ya mgongo mmoja. Nilitaka kugeuka. Nasema kweli, mabega yalishaanza. Nikaona aibu. Kama lilikuwa linasemeka, lilistahili kusemwa mbele ya macho yake.

"Hapana," nikasema.

Wifi alifumba macho. Asiyesikia akifumba macho mbele yako, amekufungia mlango. Nilisema mengi baada ya hapo, kwamba nampenda, kwamba mwenye makosa ni mimi, na yote nikayaambia kope zake. Alipofumbua alipita pembeni yangu, akawakusanya wageni, akawaambia kwa sauti yake ileile kubwa kwamba safari haijaisha na kwamba atakayechoka atabebwa na mwalimu.

Njia ya kurudi ni rahisi, tambarare, inafuata mfereji chini ya miti. Hakunitazama hata mara moja. Kurumbiza aliimba, nikamtaja, akapita bila habari. Kigong'ota aligonga, nikamtaja, akapita. Jua lilikuwa limepanda katikati na ndege wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kama wanavyofanya kila siku saa hiyo. Nilikuwa nikilia, na kwa kuwa nilikuwa nyuma ya wote hakuna aliyeona.

Mahali mfereji unapopinda, wifi alisimama. Akawageukia, akainua kidole.

"Nyamazeni kidogo," alisema. "Mmemsikia huyo kurumbiza?"

Kulikuwa kimya. Maji ya mfereji hayana sauti pale, na hata jani halikutikisika. Wageni walitazamana. Nadhani hapo ndipo walipoyaunganisha yote, matofali na ile sauti kubwa, maana nyuso zililegea kwa huruma. Mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, akatikisa kichwa kukubali.

"Tunamsikia, mama," alisema. "Anaimba vizuri sana."

"Vizuri sana," wakaitikia na wengine. Mwanamke mmoja hata alinyoosha mkono kuelekea mtini. Mkaguzi peke yake alitazama chini.

Wifi aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, midomo yao yote. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ukumbini, akainua uso akanitazama mimi, juu ya vichwa vyao, akasubiri.

Ningeweza kumpa. Ilikuwa kazi ya mdomo tu, silabi nne, kama nilivyompa kwa miaka minane. Na wote pale wangeniunga mkono.

"Hakuna anayeimba," nilimwambia. "Kimya kitupu."

"Nilijua," alisema kwa sauti, na wageni hawakujua anamjibu nani. "Saa hizi kurumbiza haimbi. Nilitaka kujua nani ataniambia."

Akavua filimbi ya mwongozaji shingoni. Wageni walimpisha bila kuambiwa, akapita katikati yao hadi nilipokuwa, akanivalisha na kuniweka sawa kola ya blauzi, kwa ukali, kama anayemvalisha mtu aliyechelewa.

"Pita mbele, wifi. Mimi nitafunga msafara."

Nilikwenda mbele. Nilipofika nikageuka, nikamwona kule mwisho, mikono nyuma, akinitazama kama mgeni yeyote aliyesimama kungoja kuambiwa. Sikuweza kumpa mgongo. Nikaanza kueleza habari za mfereji, nani aliuchimba na kwa nini unapinda, nikivuta kila neno, na nikatembea kinyumenyume mpaka getini ili auone mdomo wangu.