Mwisho wa Bomba

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Stockholm, huwajibu tu kwamba nashughulika na maji, maana maelezo kamili huwachosha. Maji yenyewe siyapimi. Manispaa ina mtambo wake wa kusafisha maji, na ina mkaguzi wake wa kuuangalia mtambo huo. Ofisi ya serikali iliyoniajiri nilipomaliza chuo humtuma mtu kama mimi kuona kama mkaguzi huyo anafanya kazi yake. Nikikuta haifanyi, naandika ripoti. Sina uwezo wa kuamuru hata mfereji mmoja ufungwe.

Mwaka juzi nilipangiwa manispaa moja ndogo pembezoni mwa mkoa. Siku chache kabla sijaenda, simu ya ofisini ililia. Mwanamke alianza kwa Kiswidi cha kujikaza, akakwama akitafuta neno la kutu. Niliitambua lafudhi yake, nikamwuliza kwa Kiswahili kama ametoka Burundi. Alicheka, akaendelea kwa Kiswahili.

Alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiishi na binti yake kwenye jengo la mwisho kabisa la mtaa wao. Kila asubuhi maji yalitoka ya kahawia, na siku nyingine yalinuka udongo. Kwa miaka miwili binti yake alikuwa ameiandikia manispaa barua kwa Kiswidi kizuri, na kila barua ilijibiwa kwa shukrani.

“Dada, sitaki barua ingine,” aliniambia. “Nataka mtu mmoja tu aje afungue robine yangu ya maji, aone.”

Ilinibidi nimwambie ukweli kwamba kazi yangu ni kusoma mafaili, si kuingia majikoni mwa watu. Niliona aibu kulisema hilo kwa lugha yetu.

Mkaguzi wa manispaa alinipokea vizuri, akanimiminia kahawa. Majibu yote ya maabara yalikuwa safi. Nikatafuta mahali sampuli zilipochukuliwa: zote zilitoka kwenye sinki moja, jikoni mwa ofisi ya manispaa, hatua chache kutoka kwenye mtambo. Nilipouliza sababu, alisema hapo ni rahisi kufika. Yuko peke yake, na ana mikahawa, maduka na majiko ya shule ya kukagua. Hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka.

Niliomba faili la malalamiko. Barua za yule binti zilikuwemo zote, kila lalamiko limefungwa siku ileile lilipopokelewa, kwa sababu moja: majibu ya sampuli hayaonyeshi kasoro. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu.

Kwenye ripoti niliandika kwamba manispaa haiwezi kuonyesha kama maji yanayowafikia wakazi wake ni salama. Mkubwa wangu, mwanamke aliyewahi kunitetea ili niajiriwe, aliniita. Alisema sentensi ile ni nzito mno, na manispaa wakiisoma wataziba masikio. Akaandika badala yake kwamba kuna nafasi ya kuboresha uchaguzi wa sehemu za sampuli.

“Ni kitu kilekile,” alisema.

“Si kitu kilekile,” nilimjibu. “Hiyo yako haitamwinua mtu kitini.”

Alisema ripoti zetu lazima zifanane. Nikatia sahihi, na ni sahihi ninayoijutia. Baada ya miezi kadhaa manispaa walijibu kwamba watalifikiria suala hilo watakapopanga kazi za mwaka unaofuata. Kwetu hilo lilitosha, kesi ikafungwa.

Yule mama alipopiga simu tena, nilitoka nyumbani kwangu Hagsätra, kitongoji cha Stockholm, Jumamosi moja, kwa treni na kisha basi, nikaenda kama mgeni wake. Alifungua maji. Yalitoka rangi ya chai nyepesi. Binti yake, aliyekuwa akiyajibu maneno yetu yote kwa Kiswidi, alisema mimi ndiye mtu wa kwanza kuja.

Sampuli ambayo ningechukua mimi, nisiye na idhini ya kupima, isingekubalika popote. Lakini sheria naijua. Tulikaa mezani watatu, tukaandika barua isiyolalamika chochote: ilidai uamuzi wa maandishi, wenye sababu, ambao mkazi anaweza kuukatia rufaa mahakamani. Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu nilichofanya. Hakunigombeza. Aliniondoa tu kwenye faili la manispaa ile.

Safari hii manispaa hawakuweza kushukuru na kufunga. Walimtuma mtu na chupa za sampuli, na maabara ikakuta bakteria. Mtaa mzima uliambiwa uchemshe maji kwa wiki kadhaa, huku mafundi wakibadilisha kipande cha bomba ambamo maji yalikuwa yakilala. Sasa jengo lile limo kwenye orodha ya sampuli.

Mama alinipigia kunishukuru. Maji yametakata, alisema, kisha akauliza kwa upole kwa nini ilichukua muda wote ule, na watu wote wale wana kazi na mishahara. Nilianza kumweleza nani humsimamia nani, nikajisikia ninavyosema, nikaacha.

Nimeshapewa manispaa nyingine. Siku hizi naomba ramani ya mabomba kabla ya kufungua faili lolote. Mkubwa wangu bado hupunguza makali ya sentensi zangu, na bado tunabishana, mara nyingi yeye akishinda.