Zipora Anapeta Pumba

Kijijini kwao, pembeni kidogo ya Ushirombo, wanamuita Mama Davis. Jina lake ni Zipora, na kichwa chake ni kigumu kuliko mwamba wa dhahabu. Kijiji kilimpa kiwanja akafunga mashine ya kukobolea mpunga. Bei ya dizeli ilipomchosha, akaenda mafunzo mjini, akarudi na wazo lililochekesha hadi mbuzi: pumba zichomwe kwenye tanuru la chuma, zitoe gesi, gesi iendeshe jenereta, umeme uzungushe mashine. Yaani mpunga ujikoboe wenyewe.

Akaufunga mtambo, ukawaka siku tatu. Ya nne mtambo ukakohoa, ukazima.

Hapo ndo Bosi Bartholomeo, mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, akapata pa kuingilia. Akamwambia Mwenyekiti Mayala kiwanja kinalala bure, apewe yeye aweke karasha lingine. Mwenyekiti akaamua: Jumamosi asubuhi, mbele ya watu, mtambo uwake, la sivyo Mama Davis ang'oe vyuma vyake.

Zipora akafungua tanuru. Chini kumeganda mabonge meusi, yanang'aa kama chupa iliyoyeyuka. Akayageuzageuza mkononi, kisha akatazama rundo la pumba nyuma ya mashine. Lipo chini, kwenye vumbi. Wachoma matofali wanakuja kujichotea bure kama desturi, wanaliburuza kwa majembe, kuku nao wanachakura. Kumbe siku zote alikuwa anaulisha mtambo mchanga, nao ukiyeyuka unaziba tanuru.

Ijumaa akatandika turubai, akashika ungo, akaanza kupeta.

Kijiji kikavunjika mbavu. Tangu lini? Watu wanapeta pumba ziende zao, mchele ubaki. Huyu anazikinga pumba kwenye turubai, kinachobaki kwenye ungo anamwaga! Kuna mtu akampiga picha akairusha kwenye grupu la kijiji, ikaoga emoji za kucheka mpaka mchana. Bartholomeo akasimamisha pikipiki, akauliza huo ugali wa pumba unaiva lini.

"Kesho, Bosi," Zipora akajibu, ungo hausimami. "We njoo na mboga."

Akapeta mpaka mikono ikafa ganzi. Magunia kumi na mawili.

Jumamosi watu walijaa kama mnadani. Mwenyekiti akaleta gunia lake mwenyewe la mpunga, asije akadanganywa. Bartholomeo alishakuja na futi yake ya kupimia kiwanja. Zipora akawasha tanuru. Moshi ukatoka mweupe, mzito, watu wakaanza kukonyezana. Jenereta ikakohoa mara moja. Ya pili. Ya tatu ikashika, ikanguruma, taa ya kibandani ikawaka, mashine ikaanza kutema mchele.

Futi ya Bosi ikarudi mfukoni kimyakimya.

Mashine ikaenda mpaka gunia likaisha, wala haikukohoa tena. Mwenyekiti akatia mkono kwenye mchele wake, akatikisa kichwa, akasema basi, kiwanja ni cha Mama Davis, maneno yaishe. Halafu, kwa mazoea, akamuita mtu amfungie na pumba zake. Ana matofali ya kuchoma nyumbani.

Zipora akaweka mguu juu ya turubai lililokinga pumba.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mchele beba wote. Pumba zinabaki hapa."