Nimekatazwa kuhama wifi yangu mwenyewe

Jamani, leo nimegombezwa kwa wifi ninayolipa mimi.

Mama yangu kule Nakuru nikimpigia video anaganda mdomo wazi. Nikachoka, nikapigia kampuni ingine nihame.

Mama Zuhura, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa hapa anakunywa chai. Kusikia tu, akaweka kikombe.

"Dada, usichukue hiyo. Haipiti ukuta."

"Ukuta gani?"

"Si ulinipa password siku ya Idd? Mimi nikawapa wale wa juu, nao wakapea wageni wao."

Nikakata simu.

Hapo hapo mama akapiga video. Akaganda.

Mama Zuhura akatoa simu yake: "Hata drama yangu imesimama. Hawa watu wa wifi yako walalamikie, dada."

Kumwambia nabadilisha password nimeshindwa. Nyinyi mngemwambia aje?