Picha ya Dirishani

Nyumbani kwa Jeanne, mrija wa pombe ya mtama ulikuwa ukipita kinywa hadi kinywa, na ulipofika penye kigoda cha Theodosia uliruka. Kigoda kilikuwa kitupu. Wavunaji wa maharage walikunywa wakitazama chini, maana aliyezoea kuwatania hadi wakapaliwa hakuwapo.

Theodosia alikuwa nyumbani kwake, upande wa pili wa bonde la Heru Juu, akila peke yake kwenye sahani aliyoitenga. Kikohozi kilichomshika tangu masika kilimpeleka hospitalini. Alipigwa picha ya kifua, akaacha makohozi ya kupimwa, kisha akapewa majibu ya picha ayapeleke kwa daktari. Hakuyapeleka. Aliyabeba hadi nyumbani, binti yake Esteri akamsomea: kuna kivuli juu ya pafu la kulia, huenda ni kovu la zamani, kifua kikuu hakijathibitika wala kukanushwa, ilinganishwe na picha za awali.

Katika yote hayo, Theodosia alisikia kifua kikuu tu. Akahamia jikoni na mkeka wake. Mjukuu akilia, alimwimbia kutoka mlangoni, mikono nyuma.

“Mama, wameandika huenda,” Esteri alimwambia.

“Huenda ya hospitali naijua. Wanakuonea huruma tu.”

Mumewe, Tharsisi, alivumilia hadi asubuhi moja akaita bodaboda. “Mama Esteri, panda. Nimechoka kulala na ukuta.”

Daktari alisoma majibu taratibu. “Umewahi kuugua kifua, mama?”

“Nikiwa msichana, kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo. Nilimeza dawa mpaka nikamaliza.”

“Picha ya wakati ule mnayo?”

Theodosia alimtazama mumewe. Tharsisi akajikuna kisogo. “Ipo, daktari. Ila iko kazini.”

“Kazi gani?”

“Ni kioo cha dirisha la jikoni.”

Daktari alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. “Basi ipe likizo, mzee. Niletee.”

Tharsisi aling’oa misumari iliyoishikilia kwa ncha ya panga. Ile karatasi nyeusi ya plastiki ilikuwa imeziba dirisha tangu walipojenga, nayo ilikuwa na masizi mazito. Hospitalini, daktari aliifuta kwa pamba yenye maji, akaiinua kwenye mwanga karibu na ile mpya. Theodosia alijiona mara mbili: mbavu za msichana, mbavu za bibi. Juu ya pafu la kulia, katika zote mbili, palikuwa na alama ileile, mfano wa wingu dogo.

“Tazama. Kivuli hakijakua, hakijahama,” daktari alisema. “Picha haitaji jina la ugonjwa, mama. Inatuonyesha kivuli, halafu sisi tunaanza kuuliza. Ndiyo maana wakaandika huenda. Na majibu ya makohozi yako yamerudi, hamna vijidudu vya kifua kikuu. Hili ni kovu la ugonjwa uliokwisha kuushinda.”

Theodosia aliuliza, “Na sahani yangu?”

“Irudishe. Hata kingekuwepo, kifua kikuu husafiri kwa hewa, hakikai kwenye sahani. Sasa niambie, moshi wa jikoni hupitia wapi kutoka nje?”

Mume na mke walitazamana. Ulikuwa hautoki. Kwa miaka yote hiyo, picha ya kovu lake la zamani ndiyo iliyokuwa imeuzibia njia.

“Msilizibe tena dirisha hilo,” daktari alisema. “Na kikohozi kisipotulia, mnarudi. Msikae na majibu nyumbani.”

Jioni ile mrija ulifika kwenye kigoda chake. “Tulidhani umekufa,” Jeanne alimtupia neno.

“Nimekuja kuhakikisha hamniombolezi kwa pombe nyepesi hivi!”

Kikohozi kilipungua polepole, kisha kikaacha kumwamsha. Theodosia yuko Heru Juu, anapika ugali wa muhogo kwenye jiko lenye dirisha wazi, mjukuu mgongoni.