Ulanga Kwenye Shimo la Baba Mdogo

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, kijijini kwetu. Ukitoka Tabora mjini unaishika barabara ya Urambo, kisha unaingia njia ya mchanga mpaka uchoke. Sikwenda kwa jambo kubwa, nilitaka tu kula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kulala. Lakini nilipovua viatu mlangoni kwa bibi nikaona soli zinang'aa, vipande vidogo vya njano vimegandia kwenye tope kama vile mtu kanimwagia unga wa dhahabu. Nikajua nimekanyaga wapi. Walikuwa wamechimba mtaro wa bomba nyuma ya nyumba, pale pale lilipokuwa shimo la baba mdogo, na udongo wa chini ulikuwa umetupwa juu. Nikakaa kizingitini na viatu mkononi, kana kwamba bado kuna mtu chini kule na mimi ndo nimeachiwa kamba.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Nitajitahidi nisikimbie, maana najijua.

Kiangazi kile vidimbwi vya bondeni vilikauka mapema. Nilikuwa bado shule ya msingi. Kila asubuhi kabla jua halijatoka bibi alikuwa ananigonga mguuni na fimbo yake: "Mke mwenzangu, amka, maji hayana miguu." Ndivyo alivyoniita, mke mwenzake, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Tulikwenda mbali, tukapanga ndoo foleni, wanawake wanaamkiana "mwangaluka" kwa sauti za usingizi, kisha tunakaa kusubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Tukirudi, moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku umeshatanda, na harufu yake ilikuwa inaingia mpaka kwenye ugali. Tulikula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, bibi akiyaunga kwa karanga. Kuoga ilikuwa ni kujifuta.

Ndo baba mdogo akarudi. Alikuwa amekaa machimbo ya dhahabu upande wa Nzega, na alichorudi nacho ni tochi ya kichwani, kikohozi, na maneno. Shimo kwake halikuwa shimo tena, lilikuwa duara. Mtu aliyefanikiwa alikuwa ametoboa. Yeye hakutoboa. Bibi hakumuuliza chochote, alimwambia tu kwamba nguvu hizo azitumie kuchimba kisima nyuma ya nyumba, na akamtafutia fundi wa kumsaidia.

Wakaanza vizuri. Juu ulikuwa udongo mwekundu mgumu, wakatoboa vishimo vya kukanyagia ukutani wakishuka. Kisha ukaja udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo, nikauchukua kuchorea ukuta wa jiko. Fundi hakuupenda. Alikuwa anaubonyeza kwa kidole na kusema, "Huu ukinywa maji hauna urafiki na mtu." Chini yake wakakuta mwamba uliooza, unavunjika kwa mkono, na ndani yake, upande mmoja, kulikuwa na mkanda unaometameta njano. Ndoo ya kwanza ya mkanda ule ilipotoka juani, watu wote tuliinama juu yake.

Baba mdogo akasema kwa sauti ndogo, "Nilikwenda mbali kutafuta kitu kilichokuwa chini ya jiko la mama yangu."

Sasa mimi nilikuwa na mwalimu wa sayansi ambaye dirisha lake lilijaa mawe. Alitufundisha kwamba jiwe letu la kijivu, lile la kwenye vilima vyetu vyote, si kitu kimoja. Ni madini matatu yaliyoshikana. Kuna kwatzi, gumu, kama kioo, halina haraka ya kufa. Kuna feldspa, ambayo mvua ya miaka mingi inaioza inakuwa udongo mweupe. Na kuna ulanga, ule mweusi unaometa, unaojipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari, ukiubandua kwa ukucha unatoka karatasi nyembamba. Ulanga mweusi ukioza unageuka njano. Mwalimu alikuwa anasema, "Rangi ndiyo mwongo wa kwanza. Liulize jiwe uzito wake, ugumu wake, na linavunjikaje." Nikachukua kipande kimoja nikakichoma na sindano. Kikabanduka. Dhahabu haibanduki, rafiki yangu, ukiichoma inabonyea, ukiigonga inatanuka.

Nikamwambia baba mdogo. Aliniangalia kwa huruma kabisa. "Huyo mwalimu wako mwenye mawe dirishani," akasema, "ana hata baiskeli?"

Watu wakacheka. Kwa muda majirani walikuja wengi kuvuta ndoo, kila mmoja akiondoka na kifuko cha mchanga. Fundi aliomba waendelee kushuka chini kwenye maji. Baba mdogo akakataa, mkanda ulikuwa unakwenda pembeni, na yeye atakwenda nao. Fundi akaomba basi angalau wakate magogo ya kushikilia dari. Baba mdogo akasema magogo yatakuja baadaye, dhahabu ikishauzwa. Fundi akakusanya vyombo vyake. "Mimi huchimba maji," alimwambia bibi, akaondoka. Majirani nao wakapungua, maana mchanga wao walipoupeleka mjini hakuna aliyeutaka. Tukabaki wenyewe.

Sipendi kukumbuka zile siku. Baba mdogo alikuwa anashuka kwa vishimo vya miguu mpaka mahali udongo mweupe unapoanzia, na kutoka hapo hakukuwa na pa kukanyaga, alishapanua kote, kwa hiyo alining'inia kwenye kamba iliyofungwa kwenye gogo la kuzungushia. Kisha anatambaa kuingia pembeni, chini ya udongo ule mweupe, na mimi na bibi tunakaa juu kusubiri. Kamba ikitikiswa mara mbili tunazungusha gogo, ndoo inapanda. Kazi yangu nyingine ilikuwa kusikiliza. Sululu ikigonga, sawa. Wakati mwingine kilisikika kitu kikidondoka, pu, kizito na laini, kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko mshindo wowote. Bibi alikuwa anaacha kutafuna. Halafu sululu inaanza tena, na bibi anameza.

Na mawingu yalishaanza kujikusanya jioni, yanaondoka, yanarudi. Mvua ya kwanza ilikuwa njiani, na kila mtu aliyesikia maneno ya fundi alijua ikifika kwenye ule udongo mweupe itakuwaje.

Asubuhi moja bibi akaniambia nilete sufuria mbili na mchanga unaometa. "Uoshe kama mchele," akasema. Unajua mchele wetu wa zamani ulivyokuwa na mawe. Unatia maji, unaizungusha sufuria taratibu, unaiinamisha, maji yanaubeba mchele kwenda sufuria ya pili, na mawe, kwa sababu ni mazito, yanabaki chini. Dhahabu ni nzito kuliko chuma zaidi ya mara mbili. Kama ipo, itabaki na mawe ya mwisho kabisa. Nikazungusha, nikainamisha. Ule mng'ao wote ukaelea ukaondoka na maji, wa kwanza kuondoka, kama makapi. Chini zikabaki punje za kwatzi na mchanga mweusi kidogo. Nikarudia. Ikawa vile vile.

Bibi akambebea baba mdogo zile sufuria mbili mpaka mdomoni mwa shimo. Baba mdogo akachungulia, akaona alichoona, nami niliona uso wake ukilegea kidogo. Kisha ukakaza tena. Akasema hayo ni mavumbi tu, mama wa dhahabu yenyewe yuko ndani zaidi. Akavaa tochi akashuka.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mwalimu hakunifundisha, kwamba unaweza kumwonyesha mtu kitu kwa macho yake mwenyewe na bado akashuka.

Jirani yetu alikuwa mwanamke Mgogo, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyezeekea kwetu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani, na mtani, kama unavyojua, hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako na ukabaki unacheka. Jioni ile nilimwona bibi akivuka kwenda kwake na bakuli la michembe limefunikwa sahani.

Kesho yake baba mdogo akiwa chini, tukasikia kilio. Kilio cha msiba kabisa, kile kinachoanzia tumboni. Jirani alikuwa anakuja amejifunga kanga kiunoni, majivu usoni, mikono kichwani. Akajitupa kwenye lundo la udongo kando ya shimo akagaagaa. Watu wakatoka majumbani mbio.

"Jamani Mnyamwezi wa watu," alikuwa analia. "Babu zake walibeba pembe mpaka pwani wakarudi wazima. Huyu kabebeshwa mchanga wa nyuma ya jiko, kafa."

Sululu ikanyamaza. Sauti ikatoka chini, ya mbali, "Mtani, mimi mzima."

"Mnasikia? Maiti anajibu. Leteni sanda ndefu, huyu mbishi tangu tumboni."

Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache. Baba mdogo akapiga kelele kwamba anafanya kazi, aachwe. Jirani akawauliza waombolezaji marehemu alikuwa anapenda kula nini, maana matanga yanaanza leo. Akamgawa jogoo wake. Akagawa redio yake. Akasema huu ndo msiba rahisi kuliko yote aliyowahi kufanya, marehemu amejichimbia kaburi mwenyewe, tena kubwa, la familia nzima. Kicheko kikazidi, lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wa bibi, haukuliachia gogo.

Kamba ikatikiswa. Tukazungusha, watu wakasaidia. Baba mdogo akatokeza kichwa, mweupe kwa udongo kama kweli katoka ahera, macho yamemwiva. "Mtani, umenivunjia heshima," akasema, akaweka goti juu, kisha mguu. Alipokanyaga tu chini, jirani akanyanyuka, akaifungua kamba kwenye gogo kwa haraka ambayo hujawahi kumwona nayo mtu wa umri wake, akaizungusha begani.

"Huu ujira wangu wa kulia," akasema. "Nimelia sana."

Baba mdogo akanyoosha mkono. Watu wote wakamtazama kuona kama yeye ni mtu wa kumnyang'anya mtani. Akaurudisha mkono. Jirani akaondoka na kamba, na bibi akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetua mzigo wa safari ndefu.

Baba mdogo alikwenda kuiomba kamba mara nyingi. Jirani akamwambia inafunga mbuzi. Akamwambia imechoka, inapumzika. Hakuna aliyekubali kumwazima nyingine, kila mtu alidai marehemu haazimwi. Haikuisha wiki, mvua ikaja usiku. Asubuhi shimo lilikuwa limegeuka bakuli. Ukuta mweupe wote ulikuwa umekaa chini, umejaza kule pembeni mpaka juu, na jikoni kwetu ufa ulikuwa umepita kwenye michoro yangu. Baba mdogo alisimama pale na mswaki mdomoni. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka. Kisha akaenda bandani, akamkamata jogoo, akampeleka kwa jirani.

Nilimsikia jirani akisema, "Leo unaleta? Matanga yalishapita." Lakini alimpokea jogoo kwa mikono miwili.

Jirani alifariki nikiwa sekondari. Kwa desturi mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya mwili, analala mle, anatukana, anadai chochote kitu ndipo atoke. Baba mdogo akashuka. Watu tulisogea karibu tukiwa tayari kucheka, kwa kuwa kila mtu alijua ana mengi ya kumwambia yule mama. Akakaa chini mle, mgongo ukutani, akatuangalia. Tukasubiri tusi, halikuja. Bibi akasema, "Mwacheni, anafanya kazi yake." Ikabidi wanaume wawili wamshike makwapa wamtoe.

Sasa bomba limefika, na sisemi vibaya, mtoto wa leo hapigwi fimbo mguuni saa kumi na moja. Vidimbwi vya bondeni vimeota nyasi. Mchele unakuja umechambuliwa kwenye mfuko, sijui kama kuna msichana pale anayejua kuuzungushia maji. Nyumba ya jirani amepanga mtumishi mmoja wa serikali, mtu mwema, amezungushia uzio wa mabati, anamwamkia bibi shikamoo kutoka getini na hajawahi kuingia jikoni. Nilijaribu kumtania siku moja, akaniomba radhi, alidhani amenikosea.

Na vijana bado wanakwenda machimbo. Nilipokuwa pale aliondoka mmoja, alfajiri, begi mgongoni na tochi mpya ya kichwani. Alipita nyumba kwa nyumba kuaga. Watu walimwitikia marahaba, wakamwambia Mungu amtangulie, wakamsogezea watoto njia apite, na hakuna mtu yeyote aliyejitupa chini mbele yake.